Mgeni wa Chuo Mpe Jembe: Mbinu za Kuandaa Uelekezi wa Mtandaoni kwa Wanafunzi Wapya

Siku moja ya Agosti nilikuwa ndani ya saiba pale Malaba, nangoja zamu yangu ya kuchapisha stakabadhi. Nje trela zilikuwa zimejipanga kama kawaida yake, zikisubiri kuvuka kuingia Uganda. Mbele yangu alisimama msichana mwenye simu iliyopasuka kioo pembeni na barua ya kujiunga na chuo iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekuja kusajiliwa kozi zake za muhula wa kwanza.

"Dada, si juzi mlikuwa na ule mkutano wa Zoom wa wageni?" mwenye saiba akamuuliza.

"Nilikuwa."

"Mkafunzwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Tuliambiwa karibu."

Mkutano wenyewe ulikuwa wa saa mbili na nusu. Bando lake liliisha wakati mkuu wa kitivo cha tatu ndiyo kwanza anashika kipaza sauti. Sasa alikuwa analipa ili afanyiwe kazi ambayo, kama mtu angemwonyesha, angeimaliza kwa simu ile ile akiwa nyumbani kwao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyuo vingi vinapohamishia uelekezi mtandaoni hukwama kwenye zile siku mbili za kwanza. Salamu zinatolewa, hotuba zinasomwa, picha za majengo zinaonyeshwa, na jembe halitoki stoo. Ushauri nitakaoutoa hapa unazunguka neno hilo moja: kila dakika ya uelekezi wa mtandaoni imwache mwanafunzi amefanya jambo kwa mkono wake.

Nimechagua kupimia mbinu hizi Busia na Malaba kwa sababu mpakani hapa ndipo mpango mbovu unapoumbuka mapema. Miji hii miwili iko umbali wa kilomita 30 hivi, na barabara inayoiunganisha inapita Alupe, kwenye chuo kikuu kilichoanza mwaka 2015 kikiwa tawi shiriki la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Vijana wa hapa hutawanyika: wengine Alupe, wengine Kibabii kule Bungoma, Masinde Muliro kule Kakamega, au Maseno. Wapo wanaovuka hadi Busitema, upande wa Uganda. Na tangu mwaka 2023 kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho masomo yake yanaendeshwa mtandaoni, kwa hiyo uelekezi wa mtandaoni ndio mlango wake wa mbele. Ukiandaa uelekezi unaomfaa kijana wa Angurai mwenye simu anayoilipia mdogo mdogo, wa Nairobi ataupitia bila jasho.

1. Anzia kwenye benchi la saiba

Ratiba nyingi za uelekezi hutungwa kwa kufuata ofisi: msajili dakika ishirini, maktaba dakika ishirini, fedha dakika ishirini, mlezi wa wanafunzi dakika ishirini. Kila ofisi inaeleza kazi yake, na mwanafunzi anabaki na swali lake.

Geuza mpango. Kabla ya kuandika chochote, tuma mtu akae siku nzima kwenye saiba mbili tatu karibu na stendi, aandike kila swali linaloulizwa na wanafunzi wapya. Mwenye saiba ndiye afisa uelekezi asiye na cheo. Anayajua maswali kuliko ofisi yoyote. Utasikia mambo kama haya:

- Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa na jina la kwenye matokeo ya kidato cha nne hayalingani. Nifanyeje?
- Nywila ya kwanza nitaipata wapi?
- Nikilipa nusu ya karo nitasajiliwa?
- Hosteli za chuo zikijaa, nitalala wapi usiku wa kwanza?
- Fomu inakataa namba yangu ya simu kwa sababu inaanza na +256.

Hilo la mwisho lisipuuzwe. Mwaka 2017 marais wa Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, lakini fomu inayokubali tu namba za 07 na 01 imemfungia mlango mwanafunzi wa ng'ambo ya pili ya mpaka. Mweleze anayeshughulikia mfumo wenu arekebishe kisanduku hicho kabla hujaandika neno "karibu".

Ukipata maswali thelathini, ondoa yanayojirudia. Yale kumi na mawili au kumi na matano yatakayobaki ndiyo mtaala wako.

2. Panga kwa kalenda ya mwanafunzi

Kosa la pili ni kumimina yote siku moja. Mwanafunzi hawezi kukumbuka kanuni za mtihani wa Desemba wakati hajajua atalala wapi Jumatatu. Gawa maswali yako kwenye vituo vinne.

*Wiki tatu kabla ya kuripoti:* karatasi na pesa. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Maombi ya mkopo na ufadhili pia yaingie hapa. Wengi bado wanaamini kwamba kuitwa chuoni na serikali ni sawa na kulipiwa. Katika mfumo ulioanza mwaka 2023, mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuomba mwenyewe mtandaoni, asiyeomba hapati.

*Wiki moja kabla:* safari, malazi, kuingia kwenye tovuti ya wanafunzi kwa mara ya kwanza, kufungua baruapepe ya chuo.

*Wiki ya kwanza:* kusajili kozi, kusoma ratiba, kujua nani anaulizwa nini.

*Mwezi wa kwanza:* kutumia maktaba ya mtandaoni, kuwasilisha kazi, kanuni za mitihani, afya, ushauri nasaha. Wengi hukoma kabla ya kufika hapa, ingawa ndipo mwanafunzi anapoanza kuzama kimyakimya.

Kila ukurasa uandikwe juu tarehe uliyohakikishwa. Mambo hubadilika. Oktoba 2024 bima ya afya ya zamani, NHIF, iliondoka ikaja SHA. Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikatangaza kuwa ule mfumo wa ufadhili unakiuka katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwongozo uliochapishwa mwaka jana ukapakiwa tena bila kuguswa humpeleka mtoto wa watu kwenye ofisi isiyokuwepo.

3. Kila somo limalizike kwa kazi

Hapa ndipo jembe linapokabidhiwa. Chukua tangazo la kawaida la chuo:

"Wanafunzi wote wapya wanaarifiwa kuwa usajili wa kozi utafanyika kupitia mfumo wa taarifa za wanafunzi kwa mujibu wa kanuni za kitivo husika."

Kila neno lina heshima zake, na hakuna hata moja linaloshikika. Liandike upya hivi:

"Leo tunasajili kozi. Uwe na namba yako ya usajili, nywila, na dakika kumi.
1. Fungua tovuti ya wanafunzi, ingia.
2. Bonyeza Kozi za Muhula.
3. Weka alama kwenye kozi zote za mwaka wa kwanza zilizo kwenye orodha yako.
4. Bonyeza Wasilisha.
Ukiona neno Imepokelewa, umemaliza. Piga picha ya skrini uihifadhi.
Ukiona Karo haijafika, usilipe tena. Tuma picha ya skrini kwa namba hii kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni."

Maelezo hayo yana sehemu nne: anachohitaji kabla ya kuanza, hatua, alama ya kumwonyesha kwamba amefaulu, na la kufanya akikwama. Waandishi wengi huishia kwenye hatua. Ile sehemu ya nne ndiyo inayompunguzia mtu nauli ya boda kwenda saiba, na hilo "usilipe tena" linaweza kumwokolea mzazi elfu kadhaa.

Angalizo moja: kama vitufe vya mfumo wenu vimeandikwa Kiingereza, viandike vile vile vinavyoonekana kwenye skrini. Maelezo yawe ya Kiswahili chepesi, kitufe kibaki na jina lake. Ukikitafsiri, mwanafunzi atakitafuta mpaka kesho.

Kazi nyingine za namna hii: ajitumie baruapepe kutoka anwani ya chuo, apakue kitabu kimoja kutoka maktaba, awasilishe kazi ya majaribio ya sentensi tatu, "Mimi ni nani na natoka wapi", kwenye mfumo ule ule atakaotumia kuwasilisha kazi za kweli. Siku ya kazi ya kwanza yenye alama, vidole vitakuwa vimeshaijua njia.

4. Pima kila kitu kwa megabaiti

Mwalimu wa chuo mwenye intaneti ya ofisini hajui uzito wa anachotuma. Mkutano wa video wa watu wengi unaweza kumeza gigabaiti nzima au zaidi kwa saa moja. Sauti ya dakika tano iliyobanwa vizuri ni megabaiti mbili au tatu. Kurasa mbili za PDF iliyochapwa hazifiki nusu megabaiti, ilhali kijitabu cha kurasa sitini kilichoskaniwa kinaweza kuizidi video.

Kwa hiyo weka mpangilio huu: maandishi kwanza, picha ya skrini pale inapobidi, sauti kwa maelezo marefu, video mwisho. Video isizidi dakika tatu, na ihusu jambo moja. Kila kiungo kiandikwe uzito wake pembeni, kama duka linavyobandika bei: "Video, dakika 2, MB 9". Mwanafunzi ataamua mwenyewe kama anafungua sasa au anangoja afike penye Wi-Fi.

Kama chuo kinatumia Moodle, na vingi vya hapa kwetu vinaitumia, wafundishe siku ya kwanza kabisa kusakinisha programu yake ya simu na kupakua masomo ya kusoma bila intaneti. Mambo yote ya lazima yapatikane pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, maana kuna siku bando halipo lakini SMS inaingia.

Kisha kuna jambo la mpakani ambalo mtaalamu wa Nairobi hatalifikiria. Ukiwa karibu na mpaka, simu hurukia minara ya Uganda bila kukuomba ruhusa. Wengi wetu huwa tumewasha romingi kwa sababu tunavuka mara kwa mara kununua vitu au kuwaona jamaa. Mwanafunzi anafungua somo akidhani anatumia bando lake, kumbe simu iko ugenini na salio linaliwa. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: "Kama uko Busia, Malaba au karibu na mpaka, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima romingi, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague." Mstari mmoja huo una thamani kuliko hotuba ya dakika arobaini.

5. Mkutano wa moja kwa moja uwe wa mazungumzo

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, tulijifunza kuhamishia ukumbi ndani ya Zoom: jukwaa, wageni waheshimiwa na mtoa shukrani. Mazoea hayo hayajatutoka. Lakini hotuba inaweza kurekodiwa na kusikilizwa saa yoyote. Kisichoweza kurekodiwa ni swali la mtu mwenye haya.

Wagawe wanafunzi wapya makundi ya watu kumi na tano. Kila kundi lipewe mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, ikiwezekana aliyetoka sehemu zile zile. Anayesema "hata mimi nilitokea Amukura, na wiki ya kwanza nilipotea" anasikilizwa kuliko profesa. Mtafutie bando na cheti cha shukrani. Usimfanyishe kazi bure. Na mpe mipaka: ya karo ayapeleke ofisi ya fedha, ya unyanyasaji au msongo wa mawazo ayapeleke kwa mshauri nasaha, asijaribu kuyatatua peke yake.

Mikutano mitatu ya dakika arobaini inatosha. Ruhusu kamera zizimwe, maana si kila mtu anataka nyumba yao ionekane na kila kamera inakula bando. Ruhusu maswali ya kuandika bila jina. Weka nyakati mbili za kuchagua, kwa sababu saa moja jioni yupo anayepika, yupo anayefunga duka la mamake, na siku ya soko wote wako kwenye meza ya biashara. Mwisho wa kila mkutano kiongozi aandike mambo matano yaliyosemwa na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp, kwa ajili ya aliyekatikiwa na umeme.

6. Zungumzia matapeli mapema

Msimu wa kujiunga na chuo ni msimu wa mavuno kwa wezi wa mtandaoni. Kundi la WhatsApp linafunguliwa likiwa na nembo ya chuo, kisha anatokea "afisa" anayetaka shilingi elfu mbili za kuhifadhi nafasi ya hosteli, zitumwe kwa namba yake. Mtoto mgeni na mzazi mwenye hofu hawaulizi mara mbili.

Kinga yake ni rahisi. Katika ujumbe wa kwanza kabisa wa uelekezi, eleza njia rasmi za kulipa, na useme waziwazi kwamba chuo hakipokei karo kwa namba ya mtu binafsi. Makundi yote ya kweli yaorodheshwe mahali pamoja kwenye tovuti ya chuo. Kisha wape zoezi: waonyeshe jumbe nne, mbili za kweli na mbili za utapeli, waseme zipi ni zipi na kwa nini. Mtu aliyewahi kumtambua tapeli kwenye zoezi hasahau sura yake.

7. Mzazi naye ana simu

Katika nyumba nyingi za Wateso na za Waluhya wa Busia, uamuzi wa karo, nauli na malazi hautolewi na mwanafunzi peke yake. Kuna mama, kuna mjomba anayechangia, kuna kaka aliyeko Nairobi. Waandalie ujumbe wao: sauti ya dakika nne kwa Kiswahili, inayoeleza karo inalipwaje, mtoto anaripoti lini, anapaswa kubeba nini, na simu ipigwe wapi kukiwa na shida. Ukiweza, upatikane pia kwa Kiteso na Kiluhya. Redio za hapa zinaweza kuurusha. Omba dakika kumi kwenye kipindi cha jioni.

Wakumbuke pia wanaosikia na kuona kwa namna tofauti. Video iwe na maandishi chini. Picha muhimu ielezwe kwa maneno. PDF isiwe picha ya karatasi, maana programu ya kumsomea kipofu haiwezi kuisoma.

8. Hesabu waliokwama

Ripoti ya uelekezi huandikwa hivi: "Wanafunzi 800 walihudhuria." Ile namba haisemi lolote. Yule msichana wa saiba alihesabiwa humo.

Tengeneza jedwali lenye kazi zako zote, na kila jina lenye alama ya aliyoimaliza. Mfumo kama Moodle unaweza kukuonyesha nani amekamilisha nini. Mwishoni mwa kila wiki tafuta safu tupu. Kama watu wengi wamekwama kwenye kazi moja, kasoro iko kwenye maelezo yako, yaandike upya. Kama mtu mmoja ana safu tupu yote, mpigie simu. Usimtumie baruapepe, kwa sababu huenda hajawahi kuifungua. Simu ya dakika tatu itakujulisha kama amekosa karo, amekosa simu, au ameamua kwenda kwingine.

9. Jaribu kwa vijana watano

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watumiaji watano tu kunatosha kufichua matatizo mengi ya mfumo. Kwa hiyo huhitaji utafiti wa mamilioni. Unahitaji watu watano na uvumilivu.

Chagua waliomaliza kidato cha nne, wasio watoto wa wahadhiri. Mmoja awe na simu ya zamani, mmoja awe anakaa karibu kabisa na mpaka, mmoja awe hajawahi kutumia kompyuta. Mlipe bando lake na soda. Mpe kiungo cha somo la kusajili kozi, kaa kando yake, na ufunge mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Atabonyeza pasipostahili, na mkono wako utakuwasha kutaka kumwonyesha. Uzuie. Andika mahali aliposita, neno alilolisoma mara mbili, na dakika aliyokuangalia usoni akitaka msaada, kwa sababu mwezi Agosti hutakuwa pale kando yake.

Rekebisha, kisha rudi na wengine watano. Siku utakapomwona mmoja anafika kwenye neno Imepokelewa, anapiga picha ya skrini na kukurudishia simu bila kukuuliza kitu, fungulia somo hilo kwa wote.